Kupiga Jeki Gari Kwenye Uwanja wa Mchanga: Kuchagua Jeki ya Magurudumu na Kuitumia Nyumbani

Pita Sahare au Makorora, hapa Tanga, Jumapili asubuhi, hutakosa kuona miguu miwili imechomoza chini ya Vitz, redio inaimba, na mtoto amechuchumaa kando na spana namba 14 mkononi akingoja kuitwa. Miaka michache nyuma miguu hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimenyanyua gari kwa jeki ya magurudumu niliyoinunua wiki ileile, mpya, nyekundu, tani 2, nyuma ya nyumba kwenye mchanga. Tairi la mbele kushoto nilishalivua ili nipate nafasi ya kuchungulia oili inavujia wapi. Nikatoka chini kwenda kunywa maji. Nilipogeuka, vigurudumu vya jeki vilikuwa vimezama upande mmoja, jeki imelala kibavu, na gari likawa linashuka polepole, kisha kwa kishindo. Diski ya breki ilijichimbia shimo mchangani, hatua moja kutoka pale nilipokuwa nimelaza kichwa.

Jirani yangu, mzee aliyezeekea kwenye gereji za Ngamiani, alisikia mshindo akaja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yapo kwenye jeki. Akaitazama, akautazama mchanga, akaniuliza:

"Mwanangu, hii umenunua ya kunyanyulia gari au ya kulishikia?"

"Kwani mzee kuna tofauti?"

"Jeki inanyanyua. Kushika si kazi yake."

Basi. Akarudi kwake. Mengi ya yanayofuata hapa nimejifunza baada ya siku ile, mengine kwake, mengine kwa kuharibu. Naandika kwa ajili ya mtu mwenye gari dogo au la kati anayetaka kumwaga oili, kubadili breki pedi au shokapu mwenyewe nyumbani. Mwenye Fuso atafute mwongozo mwingine.

Uwanja kwanza, jeki baadaye

Watu huanza na kuulizana tani ngapi. Mimi naanza na ardhi, kwa sababu hapa kwetu ndiyo inayoangusha magari.

Jeki ya magurudumu, ile ndefu inayolala chini na kupampiwa kwa mpini mrefu, ilitengenezwa kwa ajili ya sakafu ya gereji. Mkono wake haupandi wima. Unapanda kwa kuchora upinde, kwa hiyo kile kisahani kinachogusa gari, kadiri kinavyokwenda juu, kinarudi pia upande wa mpini. Kwenye zege hilo si tatizo: vigurudumu vinabiringika vyenyewe sentimita chache na jeki inajisogeza chini ya gari. Kwenye mchanga vigurudumu haviendi popote. Vinachimba. Hapo moja kati ya mawili litatokea, ama kisahani kiteleze kitoke mahali pake, ama jeki ilivute gari zima upande wake. Ndicho kilichonipata.

Kama una uwezo, mwaga zege. Si lazima uwanja wote. Kibamba cha upana wa mita 3 na urefu wa mita 5, unene wa sentimita 10 juu ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri, kinatosha gari dogo. Mwagilia maji siku saba na usiharakishe kulipandisha gari. Zege huhesabiwa kufikia nguvu yake siku ya 28. Mji wenye kiwanda cha saruji pale Pongwe haustahili kukosa mifuko michache kwa kazi hii, ingawa najua bei ya mfuko haijali unaishi karibu na kiwanda au mbali.

Pevingi nazo zinafaa, ila zitembelee kwanza kwa mguu. Kama kuna tofali linalocheza ukilikanyaga, litacheza zaidi likikanyagwa na tani moja.

Usipokuwa na zege wala pevingi, komba mchanga uliolegea mpaka ufike kwenye udongo mgumu, mwagia maji kidogo, shindilia, kisha laza bamba nene la chuma au vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18 vilivyopigwa misumari pamoja. Ubao uizidi jeki kiganja kizima kila upande, na uwe mrefu kiasi cha kuiacha jeki itembee. Plaiwudi ya dari usiiguse, itavunjika kama biskuti. Baada ya mvua za masika subiri. Uwanja uliokuwa mgumu Februari si uleule mwezi wa Aprili.

Lami ya barabarani inadanganya. Asubuhi ni ngumu, saa nane mchana jua la pwani limeilainisha na miguu ya stendi, kile kigoda cha chuma cha kushikia gari, inaingia. Weka ubao hata hapo.

Kisha mteremko. Tanga ni tambarare, lakini nyua nyingi zimeinamishwa kidogo ili maji ya mvua yatoke. Mimi hutumia chungwa la Muheza. Liweke chini pale unapotaka kuegesha gari. Likibiringika lenyewe, tafuta mahali pengine, na chungwa ule.

Pima gari kabla ya kwenda dukani

Chukua futi kamba, ingia uani, pima vitu viwili. Cha kwanza ni umbali kutoka ardhini hadi sehemu utakayonyanyulia, tairi zikiwa na upepo. Cha pili ni umbali huohuo tairi likiwa halina upepo kabisa. Wengi husahau hiki cha pili. Tairi la 165/70 la Vitz lina ukuta wa karibu milimita 115. Likiisha upepo, gari linashuka sentimita kadhaa na jeki iliyokuwa ikipita vizuri haipiti tena. Jeki nyingi za bei nafuu, zikishushwa hadi mwisho, bado zina urefu wa sentimita 13 au 14. Zipo zilizotengenezwa kuwa chini zaidi, sentimita 8 hadi 10, na kwa gari la chini au lililokatwa springi hizo ndizo za kutafuta.

Sasa tani. Vitz ina uzito wa karibu kilo 1,000, Noah karibu 1,600, Prado inavuka 2,000. Hunyanyui gari zima kwa mpigo. Unanyanyua ncha moja au kona moja. Magari ambayo injini na gia zake zote ziko mbele huwa na karibu asilimia 60 ya uzito upande huo, kwa hiyo mbele ya Vitz ni kama kilo 600. Jeki ya tani 2 inaweza bila jasho. Hata Noah inaiweza.

Kwa nini basi mwenye Prado anunue ya tani 3? Si kwa uzito peke yake. Ni kwa urefu. Ukinyanyua gari kwa bodi au chesisi, springi zinajinyoosha kwanza. Bodi inapanda, inapanda, na tairi bado liko chini linakucheka. Gari la juu lenye springi ndefu linahitaji jeki inayofika sentimita 45 au 50, na jeki za namna hiyo kwa kawaida ni za tani 3 kwenda juu. Jeki ndogo ya tani 2 huishia kwenye sentimita 33 hadi 35. Njia nyingine kwa gari lenye ekseli nzima nyuma, kama Hilux, ni kunyanyulia kwenye ekseli yenyewe, na hapo tairi linaachia ardhi mara moja.

Jeki ya mkasi iliyokuja na gari iache kwenye buti. Ni ya kubadilishia tairi njiani, basi. Jeki ya chupa, ile inayosimama wima, ina nguvu nyingi kwa bei ndogo, lakini kitako chake ni chembamba na ikiwa imeshushwa bado ni ndefu, mara nyingi haipenyi chini ya gari dogo. Kwa Canter ni sawa.

Dukani

Usiione aibu kuichezea. Muuzaji akinuna, maduka ni mengi.

Ipampu ikiwa tupu mpaka juu. Mkono upande bila kuruka wala kukwama. Zungusha mpini kinyume cha saa uishushe: valvu ifunguke taratibu, mkono ushuke kwa adabu. Valvu ambayo ama imefunga ama imeachia yote, bila katikati, itakuangushia gari siku moja. Ilaze ubavu, pitisha kidole chini ya silinda. Kidole kikitoka na oili, irudishe rafuni. Tazama mahali palipochomelewa: mshono uwe mmoja ulioendelea, si matone matone. Kisahani kizunguke. Vigurudumu vya nyuma vigeuke pande zote. Bamba la maelezo lioneshe uzito wa juu, urefu wa chini na wa juu, na kama limeandikwa EN 1494, hicho ni kiwango cha Ulaya cha jeki za kuhamishika. Maandishi peke yake si ushahidi, mtu yeyote anaweza kuchapisha stika, ila yasipokuwepo kabisa mimi husita.

Uzito wa jeki yenyewe nao unasema. Ya tani 3 ya chuma huwa na kilo 25 hadi 35. Ukiona "tani 3" unaibeba kwa mkono mmoja kama ndoo ya maji nusu, aidha ni ya aluminiamu, na bei itakuambia, au kuna uongo. Za aluminiamu ni nyepesi na hazili kutu, jambo la maana kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, lakini mimi sijaona sababu ya kulipa tofauti ile kwa kitu ninachokitumia mara mbili kwa mwezi.

Ukiwa na fedha ya jeki nzuri bila stendi, usinunue jeki nzuri. Nunua ya kawaida pamoja na stendi mbili. Kama haitoshi vyote viwili, subiri mwezi ujao na gari lipeleke kwa fundi. Hapa sina mjadala.

Stendi, na si ile ya Kange

Hapa ukisema stendi watu wanafikiria mabasi. Ninayosema mimi ni kile kigoda cha chuma chenye miguu mitatu au minne na nguzo inayopanda katikati, unachokiweka chini ya gari baada ya kulinyanyua.

Kwa nini jeki haitoshi, hata iwe ghali vipi? Fikiria ndani yake. Unapobonyeza mpini, pistoni ndogo inasukuma oili kwenye silinda kubwa. Kama pistoni ndogo ina kipenyo cha sentimita 1 na kubwa sentimita 4, eneo la kubwa ni mara 16 ya dogo, na nguvu inazidi mara 16, juu ya ile ambayo mpini mrefu umeshakuongezea. Ndiyo maana kijana wa kilo 55 ananyanyua Noah. Lakini oili ile inazuiwa isirudi na kigololi kidogo kilichokalia tundu lake, pamoja na kimpira kilichoizunguka pistoni. Chembe moja ya mchanga chini ya gololi, au mkwaruzo mmoja wa kutu kwenye pistoni, na oili inapita. Gari zima limekalia hivyo viwili, na wewe umelala chini yake. Stendi haina oili. Ni chuma juu ya chuma.

Zipo za meno, unazipandisha zikisema ka-ka-ka kisha unazifunga kwa mkono wa pembeni, na zipo za pini, ambazo unapitisha pini nene kwenye tundu. Za pini ni za kuchosha kurekebisha, na mimi nazipenda kwa sababu hiyohiyo: hazina cha kuponyoka. Mwaka 2020 huko Marekani stendi za meno zaidi ya milioni moja ziliagizwa zirudishwe kwa sababu meno yake yaliweza kuachia zikiwa na mzigo. Kama zako ni za meno, hakikisha zina pini ya akiba pia, na kila zikibeba gari chungulia kama jino limeingia hadi ndani.

Soma kama tani zilizoandikwa ni za stendi moja au za jozi. Mara nyingi ni za jozi.

Na vibadala? Nimeviona vyote mjini hapa. Tofali la saruji hubeba mzigo ulioenea vizuri, lakini likiwekewa ncha ya chuma juu linapasuka bila kukuonya. Jiwe la matumbawe ni hivyohivyo, limejaa matundu. Gogo la mnazi ndilo linalonisikitisha zaidi maana linaonekana la maana: nje gumu kama pembe, moyo wake laini kama sponji, na ukilikata kipande halina msimamo. Rimu ya tairi ya zamani kuegemezea gari, hapana. Rimu na tairi lake, kama akiba ya pili pembeni mwa stendi, ndiyo.

Kunyanyua

Egesha gari, vuta breki ya mkono, weka P, ile gia ya kuegeshea ya otomatiki, au gia ya kwanza kama ni la manyuo. Zima. Toa watu wote, hata bibi anayesema atakaa kimya.

Halafu kabari, na hapa nikae kidogo, maana wengi huamini breki ya mkono na P zinatosha. Kwenye magari mengi breki ya mkono inashika tairi za nyuma. P inashika tairi zinazoendeshwa na injini. Vitz, IST na Noah za kuanzia 2001, zisizo na foo wili, zinaendeshwa na za mbele. Kwa hiyo ukinyanyua mbele, P inakuwa haishiki kitu na umebaki na breki ya mkono peke yake, ile kamba unayoijua ilivyolegea. Ukinyanyua nyuma ya gari hilohilo, breki ya mkono imekwenda hewani, imebaki P. Sasa tazama Hiace, Hilux au Mark II inayoendeshwa na nyuma: breki ya mkono na P, vyote vinashika nyuma. Nyanyua nyuma na gari liko huru kama toroli. Tena hata ukinyanyua tairi moja tu kati ya mawili yanayoendeshwa, P haishiki ipasavyo, kwa sababu difu, ile gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili, inaliruhusu lile lililo hewani kuzunguka kinyume na lile la chini kuviringika. Kwa hiyo weka kabari kwenye tairi zinazobaki chini, mbele na nyuma ya kila moja. Kabari ya mbao ngumu iliyokatwa pembetatu, si jiwe la duara uliloliokota.

Kama utavua tairi, legeza nati zake sasa, gari likiwa chini, nusu mzunguko kila moja. Usizitoe. Kupambana na nati iliyoganda wakati gari liko juu ni kulitikisa gari juu ya jeki.

Tafuta mahali pa kunyanyulia. Vitabu vya magari yetu mengi vimeandikwa Kijapani, lakini michoro haihitaji mkalimani. Fungua ukurasa wenye picha ya jeki. Pembeni, chini ya milango, bati la bodi limekunjwa likawa ukingo mwembamba, na kwenye ukingo huo kuna vikato viwili vidogo karibu na kila tairi. Katikati ya vikato hivyo ndipo pameimarishwa. Kisahani cha chuma kitaukunja ukingo huo, basi weka juu yake kipande cha mpira chenye mfereji katikati. Nilichonga changu kutoka kwenye tairi chakavu. Mbele, magari mengi yana boriti nene iliyobeba injini, nayo mara nyingi ina sehemu ya jeki ya gereji katikati. Nyuma hutofautiana: pengine difu, pengine ndoano ya kuvutia. Ile boriti inayounganisha tairi za nyuma za magari madogo usiinyanyulie katikati mpaka mchoro ukuoneshe hivyo, inapinda.

Usiweke jeki kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nasema hivi nikijua kuna mtu anasoma hapa na sampu yake ina kovu. Wala kwenye giaboksi, wala kwenye sakafu ya gari.

Kabla ya kuweka mzigo wa kwanza wa siku, fungua valvu, pampu mara kama kumi jeki ikiwa tupu, funga. Hiyo hutoa hewa iliyoingia kwenye oili. Funga valvu kwa mkono, usiikaze kwa spana.

Sasa pampu mpaka kisahani kiguse. Simama. Inama utazame kama kimekaa katikati. Pampu mpaka gari lipande sentimita mbili tatu. Simama tena, zunguka gari lote: kabari zimebana? Jeki imesimama sawa au imeanza kulalia upande? Vigurudumu vinatembea juu ya ubao au vimefika mwisho wake? Kasoro yoyote, shusha uanze upya. Sentimita mbili si hasara. Kama vyote ni sawa endelea, kwa mapigo marefu ya taratibu, huku umesimama pembeni, si mbele ya mpini.

Panda juu kidogo tu kuliko unavyohitaji. Ingiza stendi chini ya chesisi au sehemu iliyoimarishwa, kila moja juu ya ubao wake kama uwanja si zege. Kama ni mbili, ziwe na urefu sawa: hesabu meno au matundu. Usiweke mkono juu ya nguzo ya stendi wakati unashusha. Fungua valvu polepole mpaka gari likae juu ya stendi. Jeki iache hapo hapo, ikigusa kidogo bila kubeba, na tairi ulilolivua lilaze chini ya ukingo wa bodi.

Kabla hujaingia chini, sukuma gari. Weka kiganja kwenye bampa, kisha pembeni, usukume kwa nguvu ambayo utatumia kufungua boliti ngumu kuliko zote. Gari likigonga au stendi ikisogea, bora ujue sasa. Mzee jirani yangu husema gari ambalo haliwezi kuhimili msukumo wako usitarajie likuhimili wewe.

Ukiwa chini, usiwashe injini, usimruhusu mtu kufungua mlango au kutafuta chaji ndani. Mtoto wa spana akae mbali kiasi kwamba gari likianguka halimfikii. Mbuzi wafungwe, nacheka nikiandika hivi, lakini beberu wa jirani ameshajikuna kwenye bampa langu.

Kushusha

Toa vyombo vyote, toa beseni la oili, hesabu spana. Rudisha tairi, kaza nati kwa mkono kisha kwa spana kiasi, ukiruka kwa umbo la nyota: juu, chini kushoto, kulia, usizifuate kwa duara. Pampu jeki kidogo gari liachane na stendi, toa stendi, kisha fungua valvu. Robo mzunguko inatosha. Gari zito hushuka haraka kuliko unavyodhani, hivyo kidole kiwe tayari kufunga.

Kukaza kwa mwisho ni tairi likiwa chini. Kwa Toyota nyingi ndogo kipimo ni 103 Nm (nyutoni-mita), na kama una toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kitumie. Kama huna, bonyeza wilispana kwa uzito wa mkono, usiipande kwa miguu. Nati nyingi hazilegei zenyewe, zimevuliwa uzi na mtu aliyeruka juu ya spana. Baada ya safari ya kwenda na kurudi Muheza, zikague tena.

Chumvi

Upepo wa bahari ndio utakaoiua jeki yako, si magari. Ihifadhi ikiwa imeshushwa kabisa ili pistoni ijifiche ndani ya silinda; ikibaki juu, chumvi inaishika, inatoboka tundu tundu, na kila ukipampu zile tundu zinakwangua kimpira. Futa kwa kitambaa chenye oili kila baada ya kazi, pakaza grisi kwenye vigurudumu na maungio ya mkono.

Oili ikipungua, jeki haitafika juu au mpini utahisi laini kama unapampu hewa. Ishushe kabisa, toa kizibo cha mpira kilicho pembeni au juu ya silinda, jaza oili ya haidroliki ya jeki mpaka karibu na ukingo wa tundu. Usijaze ile ya breki. Inafanana na kitu sahihi, ipo kwenye rafu, na itakula vimpira vyote vya ndani. Nimepoteza jeki moja ya chupa hivyo, ilikuwa ya shemeji, na mpaka leo sijamwambia sababu.

Mara moja kwa miezi kadhaa, nyanyua kona ya gari, weka alama ya chaki ukutani usawa wa bampa, weka stendi chini yake bila kugusa, kisha nenda ukanywe chai. Ukirudi baada ya dakika kumi na bampa limeachana na alama, kimpira au gololi imechoka. Mafundi wa Ngamiani hubadilisha vimpira hivyo kwa bei isiyouma. Mkono ukipinda au mshono ukipasuka, hapo usipeleke popote pa kuchomelea. Uza kama chuma chakavu.

Yangu siiweki uani. Iko stoo ya jikoni, nyuma ya gunia la mkaa, pakavu. Stendi mbili zimelala juu yake, kwa hiyo siwezi kuitoa bila kuzitoa zenyewe kwanza.